Mwaka wa Pampu ya Ma Leokadia

Audax alinipigia simu asubuhi ya maziko ya mama yake, na hakunipigia ili nikalie naye. Alitaka kujua maji yanafungwa wapi. Vinyunyizio vya ukoka vilikuwa vimejiwasha vyenyewe kama kila siku, vikawalowesha wazee waliokaa kwenye viti vya kukodi, na nyuma ya nyumba, maji yalikotiririkia, vijana waliokuwa wakichimba kaburi walikuwa wanachota tope badala ya udongo. "Kemi, dada yangu, hapa hakuna hata mmoja anayejua," alisema, na nyuma yake nikasikia akina mama wakicheka, kile kicheko kidogo cha msibani ambacho watu hukimeza haraka. Nilikuwa nimeshajifunga kanga zangu za msiba, nasubiri bodaboda nje ya duka langu pale Kayanga. Nikarudi ndani kuchukua spana. Nilipofika kwao kijijini Ndama sikupita mbele ya watu. Nilizunguka nyuma ya jiko la nje, nikafunga koki iliyo chini ya kifuniko cha zege, nikanawa mikono, kisha nikaenda kukaa na wanawake wenzangu. Mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia mimi ni fundi wa pampu. Akatazama kanga zangu, akatazama spana, akasogea kunipa nafasi.

Kukaa msibani ni kazi ya kungoja, na anayengoja hukumbuka hata asiyoyataka. Nilifika katika nyumba ile nikiwa na miaka ishirini na cheti cha ufundi bomba ambacho kilikuwa hakijanisaidia kitu. Ya kwetu Mabira nayaacha, kila mtu ana kwao. Mafundi wa kiume walikuwa wananiita kuwashikia ngazi, kazi ikiisha wananitupia soda. Audax alikuwa mtu wa ofisi Dar es Salaam. Alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya vigae, na mbele yake akataka ukoka kama aliouona kwa wenzake mjini. Ili kuupata akakata migomba yote ya upande wa mbele, ikabaki ile ya nyuma na ya pembeni, kule kisimani. Pampu ilivuta maji kisimani ikayasukuma hadi kwenye vinyunyizio, ila ilikuwa na tabia ya kugoma. Mafundi wanaitwa, wanakuja, inapona, wakiondoka inagoma tena. Mwisho Audax akataka fundi wa kukaa palepale, na kwa kuwa mama yake, Ma Leokadia, alikuwa mjane anayeishi peke yake, akataka fundi huyo awe mwanamke. Nadhani wilaya nzima nilikuwa peke yangu.

Nyumba ilikuwa kubwa, na kimya chake sijakiona tena mahali pengine. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na vitambaa hivyo navyo vilikuwa vimefunikwa nailoni visishike vumbi, ingawa hakuna aliyekuwa anaingia na vumbi. Vyumba vya wajukuu vilitandikwa mashuka kila Jumamosi, na Jumamosi inayofuata mashuka hayohayo yanatolewa, yanapigwa jua, yanarudishwa. Ma Leokadia mwenyewe aliishi jikoni nje, kwenye mafiga na moshi wake, na ndani aliingia kulala tu. Vigae vilimshinda. Alisema ni baridi kama kukanyaga maiti. Siku moja nilipita mlangoni kwake nikaona ametandika nyasi chumba kizima, nyasi laini za kukata kwa mundu, kama walivyotandika wazee wetu katika nyumba zao wakingoja mgeni. Alipogeuka akanikuta nimesimama, akasema, "Usimwambie Audax." Sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba ukoka wake wa mjini tunaukata na kuulaza chumbani?

Kuna jambo jingine nililochelewa kulielewa. Ma akivuka ukoka kwenda barabarani hakwenda moja kwa moja. Alipinda huku, akapinda kule, akazunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mwanzoni nilidhani ni magoti, maana magoti yalimsumbua. Kumbe alikuwa anapisha migomba. Kila shina lililokatwa alilijua lilipokuwa, lile la ndizi za kupika, lile la ndizi za pombe, na miguu yake ilikuwa haijapewa habari kwamba halipo. Nilimwona hivyo asubuhi moja ya ukungu nikiwa dirishani, na mimi ambaye sikuwa nalia ovyo nililia. Nilijiambia ni upweke wangu mwenyewe unaniliza. Sikuwa na rafiki pale. Wasichana wa jirani waliniona kituko, mwanamke wa suruali na grisi, na vijana waliniona kituko zaidi. Simu yangu ilikuwa inalia kwa matangazo tu. Jioni tulikula wawili jikoni, ndizi zilizoiva ndani ya majani yake hadi zikawa laini, maharage, na senene, wale panzi wa msimu, wakipatikana, na sufuria la Ma siku zote lilikuwa la ukoo mzima. Hakuwahi kujifunza kupika kidogo. "Atatokea mtu," alisema akifunika kilichobaki, na kesho yake asubuhi tulikila sisi kikiwa kimepoa.

Audax alipiga simu Jumapili, na Ma aliweka sauti ya nje kwa sababu hakuamini kwamba simu ikiwa sikioni inasikika vizuri. Hivyo nilisikia kila kitu bila kudukua. Ilikuwa kiangazi kinaanza, udongo unapasuka, vumbi limekaa juu ya mibuni. "Mama, mwezi wa nane nakuja na familia yote kwa misa ya baba," Audax alisema. "Na safari hii sibishani. Nikikuta hiyo pampu imelala na ukoka umekauka, najua kwamba nyumba imekushinda. Tunafunga, unakuja kukaa na sisi." Ma akasema sawa mwanangu, akamsalimia mkwe, akawasalimia wajukuu mmoja mmoja kwa majina, akakata. Kisha akaanza kuchambua maharage.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Ma."

"Mimi huko siendi. Nilikaa wiki mbili. Kule hata kinyesi cha kuku mtu ananunua kwenye mfuko." Akatupa haragwe bovu nje. "Na baba yao nimwache na nani hapo nyuma? Itengeneze hiyo mashine, mwanangu."

Hapo nyuma, katikati ya migomba iliyobaki, ndiko lilikokuwa kaburi la mumewe. Alilifagia kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Basi tangu siku ile pampu haikuwa tena pampu ya ukoka tu. Ikilala, Ma anaondoka, na mimi ninarudi kushika ngazi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Umeme ukiwepo siku zote, pampu ilifanya kazi vizuri kabisa. Umeme ukikatika siku mbili tatu, na wakati ule ulikuwa unakatika, ukirudi pampu inawaka, inanguruma, lakini maji haivuti. Inazunguka kavu mpaka inapata moto. Kwa hiyo kila mtu aliulaumu umeme. Jirani yetu Ta Felesiani, mzee aliyekuwa anakuja na fimbo yake kunikagua kazini, alikuwa na maelezo yake. "Umeme huu unatoka mbali, binti. Ukifika hapa unakuwa umechoka. Uache upumzike kidogo ndipo uupe kazi." Nilimcheka moyoni, lakini kibaya ni kwamba ushauri wake ulikuwa unafanya kazi. Tukiijaza pampu maji kwa juu, tukajaribu, ikakataa, tukajaza tena, tukajaribu tena, baada ya muda mrefu wa kuhangaika ilikuwa inakubali yenyewe. Ta Felesiani aliondoka akiwa ameshinda hoja.

Mafundi walionitangulia walishabadilisha kapasita, wakafungua mota, wakaifunga. Mimi nilipima umeme siku uliporudi nikakuta hauna uchovu wowote. Nikamwomba Ta Felesiani msaada wa kuvuta bomba la kisimani, nikatoa valvu ya chini, ile inayozuia maji yasirudi kisimani pampu ikizimwa. Nilikuwa na hakika ndiyo mwizi. Nikaisafisha, nikaipuliza kwa mdomo hadi mashavu yakauma, haikuvuja. Nikanunua mpya hata hivyo. Umeme ukakatika, ukarudi, pampu ikanguruma kavu. Jioni ile nilikaa katika kibanda cha pampu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikakitazama kile chuma kwa chuki ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa binadamu. Nje ukoka ulikuwa umeanza kugeuka rangi pembeni. Ma alikuja na kahawa za kutafuna kiganjani, zile anazopewa mgeni, akaniwekea mkononi, akasimama mlangoni akitafuna zake. Nilimwona anatazama ule ukingo wa kahawia. Aliutazama muda mrefu, kisha akaenda kufagia kaburi, ingawa alikuwa ameshalifagia asubuhi.

Mtu akifundishwa ufundi bomba anafundishwa kutafuta mahali palipolowa. Penye unyevu ndipo penye ugonjwa. Lakini bomba la kuvuta halivuji namna hiyo. Likiwa na tundu halitoi maji, linaingiza hewa, na palipo na tundu pakavu kama mahali pengine popote. Hilo nililijua kwenye daftari, ila mikono yangu ilikuwa bado inatafuta maji. Maungio yote yalikuwa yamezungushiwa vipande vya mpira wa baiskeli, vimefungwa nadhifu, na kwa sababu ya unadhifu ule sikuyashuku. Umeme uliporudi safari iliyofuata nilichukua birika la chai jikoni, nikawasha pampu, nikaanza kumwaga maji polepole juu ya bomba, ungio kwa ungio, huku nasikiliza. Ungio la kwanza hakuna kitu. La pili hakuna kitu. Nilipofika kwenye ile kona iliyo chini kabisa ya bati, mahali ambapo joto la mchana hukaa, mngurumo ulibadilika. Ukawa mzito. Nikaacha kumwaga, ukarudi kuwa mwepesi. Nikamwaga tena, ukazama, bomba likatetemeka, na nje nikasikia vinyunyizio vinakohoa.

Nilizima, nikakata mpira kwa kisu. Ulikuwa umechanika kwa ndani, na chini yake, kwenye nyuzi za bomba ambako fundi huzungusha tepu nyeupe, hapakuwa na tepu. Palikuwa na kamba ya mgomba. Gome kavu la mgomba, limechanwa vizuri, limezungushwa kwa mpangilio. Fundi aliyefunga bomba hilo alikuwa ameishiwa tepu, duka liko mbali, akafanya kile ambacho mkono wa mtu wa huku hufanya wenyewe. Na ni kamba nzuri. Kwetu imefunga mizigo, ndama, paa, na watoto mgongoni. Nilikwenda nayo jikoni nikamwonyesha Ma huku nacheka peke yangu.

Ma akaipokea, akaigeuza. "Sasa shida ni nini? Hata mimi ningefunga hivi."

"Inapitisha hewa, Ma."

"Imekaushwa. Ikilowa inajaa, inakaza, hutapitisha hata sindano. Ikikauka inalegea." Akanirudishia. "Mkiinywesha mashine kila siku, inalowa. Umeme ukiondoka, juani hapo, inakauka. Ndiyo mtu aulaumu umeme?"

"Ta Felesiani ndiye anayeulaumu," nikasema, naye akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile, akacheka mpaka akashika magoti.

Nikafunga kona ile kwa tepu, na nyingine zote nikazifungua nikazikagua. Umeme ulikatika tena mara kadhaa kiangazi kile, na kila uliporudi pampu ilinyanyua maji kabla sijafika kibandani. Hizo ndizo wiki nilizokuwa na furaha pale. Tulikuwa tunatoa vigoda jioni, Ma na mimi, tunakaa pembeni ya ukoka tunaangalia maji yanavyozunguka. Vilima vya upande wa pili vilikuwa vimekauka vyote, na sisi tulikuwa na kijani peke yetu. Mbuzi wa majirani walisimama kwenye ua wakitutazama kwa uchungu. Ma alianza kupanga habari za mwaka unaokuja, mbegu ya maharage atakayoomba kwa dada yake wa Bugomora, mahali pa kupanda migomba mipya pembeni, hukohuko nyuma, ili Audax asione. Alisema "tutapanda." Nilikuwa sijawahi kuingizwa kwenye mipango ya mtu.

Wakaja mwezi wa nane, magari mawili, na nyumba ikajaa. Nailoni zikatolewa kwenye makochi. Sufuria la Ma likawa na watu wa kulimaliza, na yeye alikuwa anapita katikati yao na sinia la ndizi kama msichana. Audax alivua viatu akatembea kwenye ukoka, akapiga picha, akanishika mkono kwa mikono miwili. Si mtu mbaya, na sikuwahi kumwona hivyo, hata siku niliyomkasirikia kuliko siku zote. Alikuwa ameleta kifaa kidogo cha mjini, taima ya kuwasha na kuzima pampu kwa saa, akanipa nikaifunga siku ileile. Tukasimama pamoja tukangoja. Saa ikafika, pampu ikawaka, maji yakaruka bila mtu kugusa kitu, na wajukuu wakakimbilia ndani yake na nguo za misa.

"Na umeme ukikatika?" Audax akaniuliza.

"Ukirudi, inaendelea yenyewe."

"Hata kama hakuna mtu hapa? Mwezi?"

"Hata mwezi," nikamjibu. Nilijibu kwa fahari. Nilikuwa naulizwa kuhusu kazi yangu na jibu lilikuwa la kweli.

Kesho yake, baada ya misa, nilikuwa napeleka chai sebuleni nikasikia mke wa Audax anauliza, "Umeshamwambia?" na Audax anajibu, "Nikimuuliza atakataa. Lakini sasa sina wasiwasi. Nilichokuwa naogopa ni kuifunga nyumba hapa kwa baba ikaharibika." Niliingia na sinia, nikapanga vikombe mezani, na kabla sijatoka Ma akaingia nyuma yangu akifuta mikono. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Hakukaa.

"Audax, ulisema ukikauka," akasema. "Umekauka?"

"Haujakauka, Mama."

"Mashine imelala?"

"Haijalala. Ndiyo maana naweza kukuchukua bila wasiwasi." Audax alisimama, akamshika mabega. "Mama, ulianguka mwaka jana ukalala chini mpaka jirani akapita. Ikilia simu yenye namba ya huku, moyo wangu unasimama. Nihurumie na mimi. Nyumba haitaharibika, Kemi yupo, kila kitu kinajiendesha."

Ma alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, na macho yake hayakuwa na lawama. Ningependa yangekuwa nayo. Yalikuwa yanauliza tu, kama ya mtu anayemwuliza fundi kama kuna njia nyingine. Nilikuwa nimeshika sinia tupu. Sikuwa na njia nyingine. Akasema, "Haya, waitu," lile neno letu la upole, akarudi jikoni, na jioni akapika ndizi kama kawaida.

Waliondoka naye siku mbili baadaye. Alikaa kiti cha mbele, amevaa koti la mvua juani kwa sababu aliambiwa ndani ya gari kuna baridi. Asubuhi alikuwa amefagia kaburi, akanionyesha jinsi ya kulifagia, kutoka kichwani kwenda miguuni, kamwe si kinyume. Gari lilipopotea kwenye kona nilirudi nikafunika makochi. Tangu hapo nilikaa pale peke yangu mpaka mwaka wangu wa kazi ulipoisha, nikilipwa kuangalia kitu ambacho hakikunihitaji. Maji yalijiwasha, yalijizima. Vuli ilipofika nikazima taima, mvua ikafanya yote. Nilijaribu kupika kidogo, nikashindwa, nami pia nikawa napika sufuria zima na kula kiporo. Ta Felesiani alikuwa anapita, lakini hata yeye hakuwa na la kulaumu, akawa anaondoka mapema.

Ma alikuwa ananipigia Jumapili. Mwanzoni aliuliza ya wote, kaburi, kuku, dada yake wa Bugomora, mbuni wa pembeni umezaa vipi. Alisema magoti yanapakwa dawa nzuri. Alisema anakaa sebuleni na televisheni, na msichana wa kazi hamruhusu kushika kisu. Kisha maswali yakapungua, siku zikaja ambazo tulikaa tu kwenye simu tunasikilizana tunavyopumua. Jumapili moja ya jua, Januari, nilikuwa nimewasha tena vinyunyizio nikasimama barazani na simu sikioni. Aliniuliza nimekula nini, nikamwambia. Halafu akauliza, kwa sauti aliyoishusha kana kwamba mtu yupo chumbani naye asiyetakiwa kusikia.

"Kemi, hiyo mashine inasumbua?"

Nilielewa. Nilimwelewa kabla hajamaliza. Mbele yangu maji yalikuwa yanazunguka taratibu, sawasawa, pampu inanguruma ule mngurumo mzito niliouhangaikia kiangazi kizima. Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilitaka kumwambia imekufa, ukoka umekauka, nyumba inabomoka, njoo. Lakini Audax angeleta fundi mwingine, na Ma angekaa kungoja kitu ambacho hakipo.

"Haisumbui, Ma."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Umeifunga vizuri," akasema. "Basi."